Mama Mistari na Njia Tupu

Kazini walimwita Mama Mistari, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata karani wa mishahara alilazimika kukuna kichwa kabla ya kukumbuka lile la kwenye kitambulisho. Mtoto wa kuzaa hakuwa naye. Umama alipewa na maabara yenyewe. Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha vyupa, akasoma jioni kwa jioni mpaka akapata cheti cha ufundi sanifu, akakabidhiwa stuli ya karibu na dirisha, na sasa mvi zilikuwa zimeshamwingia kichwani naye bado yupo juu ya stuli ile ile, akitafuta mistari.

"Mistari gani hiyo isiyokwisha?" jirani yake, mshona nguo, alimuuliza siku moja wakianika nguo uani.

Swali hilo Mama Mistari hakuchoka kulijibu, ingawa majirani walishachoka kulisikiliza jibu. "Ndani ya seli za damu kuna vitu vinaitwa kinasi. Kazi yake ni kupeleka ujumbe. Kinasi ikiamka, inaiambia seli, gawanyika. Ikilala, seli nayo inatulia. Sasa kuna watu kinasi yao moja imeamka na imekataa katakata kulala. Seli nyeupe zinazaana bila simile. Ndiyo saratani yao ya damu."

"Mungu apishie mbali. Na dawa hakuna?"

"Ipo. Kidonge. Kinakwenda kuilaza hiyo kinasi."

"Sasa wewe hapo unafanya nini?"

"Mimi naangalia kama imelala kweli, au inajifanya."

Chombo chake cha kuangalia kilikuwa kingamwili. Usidhani ni mashine. Ni tone la majimaji ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole cha mtoto, lililotoka katika damu ya sungura aliyefundishwa kuichukia protini moja tu. Ukilimwaga juu ya maelfu ya protini, linazipita zote bila hata salamu, linakwenda kuing'ang'ania hiyo moja. Tena kingamwili cha Mama Mistari kilikuwa na masharti zaidi: kinasi ikiwa imelala, hakiioni, ikiwa macho, kinaikamata. Yeye mwenyewe alikifananisha na shangazi yake mmoja, aliyeweza kuingia kwenye ukumbi wa arusi uliojaa pomoni asimwone mpwa wake hata mmoja, isipokuwa yule anayefanya kosa. Ndiyo maana pale maabara walikiita Shangazi, na kichupa chake kwenye jokofu kilikuwa kimeandikwa hivyo hivyo kwa kalamu nyekundu.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Unazipasua seli za mgonjwa, unazitia kwenye vishimo vilivyopangwa juu ya jeli, kila mgonjwa na kishimo chake, unawasha umeme, na protini zinateremka kila kundi katika njia yake, ndogo zikitangulia, kubwa zikijikokota. Kisha unazihamishia kwenye utando mweupe, unauosha, unaulaza ndani ya Shangazi, unauosha tena, unautia maji ya kutoa mwanga, unaufungia ndani ya kisanduku cheusi chenye kamera. Kwenye skrini ndipo mambo yanapojitokeza. Kinasi iliyo macho inatoa mstari mweusi. Iliyolala haitoi kitu, na njia ya mgonjwa huyo inabaki tupu.

Kwa hiyo furaha ya Mama Mistari ilikuwa kinyume na ya watu wengine. Alitafuta mistari akiomba asiione.

Lakini hakuwa mtu wa kufurahi haraka. Siku zake za mwanzo, aliwahi kuona njia tupu akapiga makofi, akaita watu waje waone dawa inavyofanya kazi. Mkuu wa maabara, mzee mpole asiyependa kelele, aliinama akaitazama ile picha, kisha akamuuliza taratibu, "Sampuli uliitia?" Hakuwa ameitia. Walimcheka mwezi mzima. Tangu hapo kila utando aliupitisha mara ya pili kwenye kingamwili kingine, kile kinachokamata protini ambayo kila seli lazima iwe nayo. Mstari huo wa pili ukitokea, maana yake mtu yupo. Hapo ndipo aliporuhusu moyo wake kutabasamu: mtu yupo, ugonjwa umelala.

Mdogo wake wa kiume alikuwa fundi makochi. Mama yao alifariki huyo mdogo akiwa bado anatambaa, na dada mtu, mwenyewe bado mtoto wa shule, akambeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Akamlea, akamchapa, akamsomesha mpaka pale kichwa chake kilipogoma, akampeleka kwa fundi. Huko hakugoma. Alikuwa na mkono ambao ukiupa kisu na ngozi, unakata bila rula na vipande viwili vinalingana utadhani vimetoka kiwandani. Mdomo ndio haukuwa na mapumziko. Alitania wateja, alitania wanaomdai makochi yao, alimtania hata dada yake kwamba kazi ya kutazama mistari angeweza kuifanya nyumbani kwa kutazama daftari.

Alipoanza kukonda na kulowesha shati kwa jasho hata akiwa amekaa, dada mtu ndiye aliyemkokota hospitali. Damu ikachukuliwa, jibu likatoka, na jibu lilikuwa lile lile ambalo yeye amekuwa akiwasimulia majirani uani kama habari za watu wengine. Siku hiyo hakumsimulia mtu. Alifika nyumbani, akavua viatu, akakaa sakafuni.

Bahati ilikuwapo. Kliniki ya hospitali ilikuwa na mpango wa kugawa vile vidonge bure, ila vilikuwa haba na waliokuwa wakivingoja ni wengi, kwa hiyo masharti yalikuwa makali. Ukikosa kliniki mara kwa mara, unatolewa, unarudi mwisho wa foleni, ingawa damu yako inaendelea kupimwa. Ukimpa au kumuuzia mtu dawa yako, unatolewa moja kwa moja. Mdogo wake akaingizwa kwenye mpango, na damu yake ikaanza kuja maabara pamoja na za wengine, bila jina, namba tupu.

Namba hiyo Mama Mistari aliijua, kwa kuwa ndiye aliyeshika kadi siku ya kwanza. Akaenda kumwambia mkuu wa maabara waziwazi.

"Namba ni namba," mkuu alisema. "Ila siku mkono wako ukianza kutetemeka, mpe mwenzako."

Mwenzake alikuwa fundi mmoja kijana aliyevaa miwani mizito, wakamwita Miwani, na shauri likaishia hapo. Mkono haukutetemeka. Mwanzoni njia ya mdogo wake ilikuwa nyeusi, ikafifia, ikafifia zaidi, mpaka asubuhi moja ikawa tupu kabisa na mstari wa pili upo, mnene, umejaa. Mama Mistari alikwenda chooni, akafungulia bomba ili maji yapige kelele, akalia. Nyumbani hakusema kitu. Majibu ni ya daktari kuyatoa, naye kwa jambo hilo hakuwa na masihara.

Basi ikaja ile Jumanne.

Alikuwa na kikombe cha chai mkononi picha ilipofunguka kwenye skrini. Njia ya mdogo wake, iliyokaa tupu miezi yote hiyo, ilikuwa na mstari. Haukuwa mweusi. Ulikuwa wa rangi ya majivu. Jicho likahamia njia ya jirani. Hiyo ilikuwa ya mgonjwa aliyeandikwa kwamba ametolewa kwenye mpango na hatumii dawa, kwa hiyo mstari wake ulipaswa kuwa mweusi ti. Nao ulikuwa wa majivu. Mistari miwili bega kwa bega, imefanana kama mapacha.

Mara akapumua. Kosa hili alilijua, na lilikuwa kosa la mafundi. Pipeti, kile kibomba cha kunyonyea na kudondoshea majimaji, ikizidisha, kishimo kinafurika na cha mmoja kinammwagikia jirani yake. Mweusi na mtupu wakichanganyika, wote wawili wanakuwa majivu. Hakuwahi kulifurahia kosa lake kama siku hiyo.

"Miwani," aliita, karibu acheke. "Nimezeeka mwenzio. Mikono imeanza kumwaga."

Wakairudia kazi yote. Safari hii sampuli hizo mbili waliziweka miisho miwili ya jeli, huyu huko na yule kule, na Miwani ndiye aliyezitia kwa mkono wake. Wakafungua kichupa kipya cha Shangazi ambacho hakijaguswa. Katika jeli hiyo hiyo wakaweka na seli ambazo kinasi yake inajulikana iko macho, na nyingine ambazo inajulikana imelala, ili kama Shangazi amechanganyikiwa ajulikane. Kesho yake picha ikafunguka. Seli zilizo macho, mweusi. Zilizolala, patupu. Shangazi alikuwa na akili zake timamu. Na kule kwenye miisho miwili ya picha, mbali mbali kabisa, mistari miwili ya majivu ilikuwa palepale.

"Hukumwaga," Miwani alisema, kwa sauti ya kumpongeza.

"Sikumwaga," alijibu, akakaa.

Alikaa akiitazama picha ile muda mrefu. Alijua daktari ataisomaje, kwa kuwa hata yeye angekuwa daktari angeisoma hivyo hivyo. Huyu anakula dawa na kinasi yake imeamka: dawa imemshinda, aondolewe, kidonge chake apewe mwingine anayengoja. Yule hali dawa na kinasi yake haijachachamaa: ugonjwa wake ni wa taratibu, hana haraka, aendelee kukaa mwisho wa foleni. Kila mstari ungesomwa sawasawa, na watu wawili wangepotea.

Kisha akakumbuka jambo dogo tu. Vichupa vya damu hufika maabara vimepangwa jinsi wagonjwa walivyoinuka kwenye benchi la kliniki. Vya hawa wawili vilikuja vimefuatana. Na vya mwezi uliopita je? Navyo vilifuatana, na vya mwezi wa nyuma yake pia. Waliketi pamoja. Walikuwa watu wa benchi moja, mmoja ana vidonge na mwenzake amenyang'anywa, na mistari yao imelingana bila mmoja kumzidi mwingine hata kidogo. Ni nani mwenye mkono wa kukigawa kitu kigumu na kidogo vile, siku baada ya siku, nusu na nusu zikawa sawa hivyo? Alimjua mmoja.

Kabla ya kutoka alikwenda kwa mkuu. "Mkono umetetemeka," alisema. Mkuu hakumuuliza zaidi. Picha akakabidhiwa Miwani aisome na kuipeleka kwa daktari Ijumaa, kama ilivyo.

Karakana ya mdogo wake ilinuka gundi na sponji mpya. Katikati palikuwa na kochi la mtu limepinduliwa, springi nje, na pembeni kabisa, uchi wa mnyama, lilikaa kochi la Mama Mistari mwenyewe, alilolileta litiwe kitambaa tangu siku ambazo hata yeye alikuwa amezisahau.

"Dada!" fundi alipaza sauti. "Umekuja kulisalimia kochi lako? Linaendelea vizuri, halijambo."

"Nionyeshe kisu unachokatia ngozi."

"Cha nini?"

"Nionyeshe."

Akampa. Kilikuwa kisu chembamba, kimenolewa mpaka kimebaki nusu ya upana wake. Dada mtu akakigeuza geuza. "Kinakata na vidonge?"

Mdogo wake aliweka nyundo chini. Alivuta stuli akakaa. Akaokota kipande cha uzi sakafuni, akaanza kukizungusha kidoleni.

"Jibu la kipimo sijakuambia na sitakuambia," dada mtu alisema. "Nakuuliza kama dada yako. Unampa nani?"

"Yule dada ninayekaa naye kwenye benchi la kliniki," alisema mwishowe. "Mwalimu wa chekechea. Baba yake alianguka akapooza, siku zile hakuwa na wa kumwachia. Akakosa kliniki, akakosa tena, wakamtoa. Alikuja kuniaga, Dada. Kuaga kabisa. Ningefanyaje? Mimi siku za kwanza kidonge kilikuwa hakikai tumboni, yeye ndiye aliyenifundisha, kula kwanza ushibe, kisha maji mengi. Nikiogopa kuingia kwa daktari ananitania mpaka naingia nacheka."

"Unampenda?"

"Kwako kila kitu ni mapenzi. Ana mume. Tena mume mwenyewe kanizidi kifua."

"Sikiliza," dada mtu alisema. " Dawa nusu haiulazi ugonjwa, inaufundisha. Zile seli zinazobaki macho ndizo zilizojua kuikwepa, na ndizo zitakazozaana. Siku ukirudi kwenye kidonge kizima utakuta zinakicheka. Unanielewa? Hukati kidonge, unakata maisha yako."

"Na yeye asipopata hata hiyo nusu?"

Alifungua mdomo. Alikuwa na maelezo ya kinasi, ya seli, ya kingamwili, maelezo ya miaka yote ile ya uani. Hapa hakuwa na hata moja.

"Hujui?" mdogo wake aliuliza.

"Najua. Ndiyo maana nimenyamaza."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia. Dada mtu akakirudisha kisu juu ya ngozi.

"Picha inakwenda kwa daktari kama ilivyo," dada mtu alisema. "Hakuna atakayefuta mstari wala kuchora mstari. Ila picha haiwezi kusema kwa nini. Daktari atajaza mwenyewe: wewe dawa imekushinda, mwenzio hana haraka. Mtapotea wote wawili kwa jambo ambalo hata si kweli. Hiyo kwa nini unayo wewe. Ibebe uipeleke."

"Nikisema, nitatolewa."

"Labda."

"Labda tu?"

"Mimi nasoma mistari. Madaktari sijui kuwasoma."

Hapo mdogo wake akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Ngoja nimwambie yeye kwanza," alisema.

Mama Mistari alirudi kwa miguu njia nzima. Alikuwa na hasira, hasira ya kutaka kumchapa kama zamani, na chini ya hasira hiyo alikuwa anamwonea fahari, na hiyo fahari ndiyo iliyomzidishia hasira. Nani alimwambia awe mwema namna hii? Alipokuwa mdogo akipewa kipande cha mkate alikigawa na mtoto wa jirani, na yeye dada mtu akamsifu mbele ya watu. Sasa alitamani angekinyamazia kipande kile cha mkate.

Ijumaa alijitafutia kisingizio. Alibeba trei ya vichupa vitupu, akaipeleka kliniki, kazi ambayo kwa kawaida haikuwa yake. Kwenye korido, mbele ya mlango wa daktari, aliliona benchi. Mdogo wake alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Pembeni yake aliketi mwanamke mdogo wa umbo, mfuko wa kitambaa mapajani, akimnong'oneza kitu, na mdogo wake anazuia kicheko. Kwa hiyo ndiye huyu. Muda wote ule Mama Mistari alikuwa amemjua kwa rangi ya majivu tu.

Waliitwa, wakasimama wote wawili, wakaingia pamoja.

Daktari wa kliniki ile alikuwa mama wa makamo mwenye sauti isiyojua mlango ni nini. Korido nzima ilisikia. "Nusu?" Kisha kimya. Kisha: "Nusu! Nyinyi mnajua mnacheza na nini?" Wauguzi wakatazamana. Kisha kimya kingine, kirefu, ambacho Mama Mistari alisimama ndani yake ameshika trei, akijikaza kisabuni. Alisubiri mlango ufunguke na mdogo wake atoke ameinamisha kichwa.

Mlango ukafunguka. Alitoka daktari mwenyewe, macho mekundu, sijui ya hasira, sijui ya kitu kingine.

"Muuguzi," aliita. "Niletee maji ya kunywa. Vikombe viwili."

Habari nyingine mdogo wake alimsimulia baadaye. Daktari aliwakaripia kama watoto, kisha akaichukua ile picha, akaitazama upya huku wao wamekaa mbele yake. Kama nusu tu ilikuwa imeufifisha ugonjwa wa mwalimu namna ile, basi kizima kingeuweza, na hiyo ndiyo hoja aliyokwenda nayo kwa wakubwa wa mpango mpaka wakamrudisha mwalimu na kumsamehe fundi. Sharti lilikuwa moja. Kuanzia siku hiyo, wote wawili watameza kliniki kila asubuhi, mbele ya muuguzi, na kufungua mdomo. Atakayetoka na kidonge shavuni, atatoka nacho moja kwa moja.

"Amenifungulisha mdomo mbele ya watu, Dada," alilalamika. "Mimi, mtu mzima mwenye karakana."

"Ungefungua tangu mwanzo," dada mtu alimjibu.

Miezi ikapita. Vichupa viliendelea kuja vimefuatana, na Miwani ndiye aliyevisoma. Kisha siku moja Miwani akaugua mafua ya kumlaza kitandani, na mkuu wa maabara akasimama kando ya stuli ya karibu na dirisha.

"Mkono vipi?" aliuliza.

"Umetulia," Mama Mistari alisema, ingawa hakuwa na hakika.

Alifanya kila kitu kwa utaratibu wake. Alitia, akawasha, akaosha, akaulaza utando ndani ya Shangazi, akaosha tena. Picha ikafunguka. Njia ya mwalimu ilikuwa tupu. Tupu kabisa, nyeupe kama shuka. Njia ya mdogo wake ilikuwa na mstari, na mstari ulikuwa umekolea kuliko ule wa majivu.

Hakulia wala hakufurahi. Aliupitisha utando mara ya pili, kama anavyofanya siku zote. Ikatokea ile mistari mingine, ya wote wawili, minene, imelingana. Watu walikuwapo. Wote wawili walikuwapo. Ugonjwa wa mmoja ulikuwa umelala, na wa mwingine ulikuwa umejifunza. Akaiweka picha kwenye bahasha ya daktari, akanawa mikono, akanawa tena.

Jioni hiyo alipofika nyumbani alikuta mkokoteni mlangoni na mdogo wake ameketi juu ya kochi. Kochi lake. Lilikuwa limetiwa kitambaa cha kijani kibichi, kona zimebanwa bila hata mkunjo.

"Nimekata shauri," fundi alisema. "Nisije nikafa nikaandikwa kwamba nadaiwa kochi na dada yangu."

Walilisukuma ndani, wakalipanga ukutani, wakakaa. Kliniki ya majibu ilikuwa kesho yake na wote walijua. Mdogo wake alikuwa anapitisha kidole juu ya mshono, huku na huku.

"Yule mwalimu," alisema. "Njia yake."

"Muulize daktari."

"Najua. Najua sheria zako." Akamtazama usoni kwa muda. "Ungekuwa na habari mbaya mbili, ungekuwa umeshaingia jikoni unanipikia. Ungekuwa na nzuri mbili, ungenitukana kwa kuchelewesha kochi. Umekaa kimya. Kwa hiyo ni moja na moja."

Dada mtu akaokota uzi uliobaki kwenye kitambaa.

"Basi usiseme neno. Fanya hivi. Kama iliyo tupu ni yangu, simama. Kama ni yake, kaa."

Mama Mistari aliyatazama magoti yake. Katika maisha yake alikuwa ametamani mambo mengi, na mengi aliyakosa bila kelele, lakini hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani dakika ile kusimama. Miguu ilikuwa mizima. Kusimama ni jambo la kila siku.

Akakaa.

Mdogo wake akashusha pumzi, pumzi ndefu iliyoanzia mbali, akaegemeza kichwa kwenye kitambaa kipya. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja, naye hakujali kukificha hata kimoja.

"Kumbe nilikata sawasawa," alisema.

"Ulikata sawasawa," dada mtu alisema.

"Kuna kidonge kingine? Cha watu kama mimi?"

"Kipo. Kikali zaidi. Foleni yake ndefu, ila daktari alishaanza kukuulizia nafasi tangu siku ile ya nusu."

Dada mtu akautafuta mkono wa mdogo wake, ule wa kukatia, akaushika kwa mikono yake miwili na kuuweka mapajani, kama alivyokuwa akiushika wakivuka barabara utotoni.

"Hicho," alisema mdogo wake, "nitakimeza chote."